Bibi Aliyechora Mawe ya Oldupai

(Maneno haya yalitolewa na mwanafunzi wa zamani, mchoraji ramani mstaafu, baada ya chakula cha mchana siku ya mkutano wetu. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa.)

Ndugu Mwenyekiti, Bwana Mkuu wa Shule, walimu wetu wa zamani ambao mpaka leo mnatuvumilia, wanafunzi wenzangu, nanyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti tumevikalia sisi wazee.

Mwenyekiti aliponiomba nizungumze, aliniambia nichague mtu aliyefanya kazi kubwa upande wetu huu wa Karatu na Ngorongoro. Najua wengi mlitegemea nimtaje mbunge, au askofu, au yule mwenzetu mwenye mabasi. Mtaniwia radhi. Nimemchagua mwanamke ambaye hakuzaliwa huku, hakusoma shule hii, na kusema kweli hakuna shule yoyote aliyoimaliza. Nazungumza juu ya Bibi Mary Leakey, aliyeishi miaka mingi pale Oldupai, ng'ambo ya Kreta, mwendo wa asubuhi moja kwa gari kutoka hapa tulipokaa.

Sisi wa mwaka 1988 tulipelekwa Oldupai kwa lori, tumesimama tangu Karatu hadi kule, na vumbi la njia likatufanya sote wa kabila moja. Mtembeza wageni alitueleza habari za fuvu na za Dakta Leakey, tukaandika katika madaftari kwa kuwa mwalimu alituambia tuandike. Mimi nilichokikumbuka zaidi siku ile ni kwamba soda ilikwisha kabla zamu yangu haijafika. Juu ya huyo mama nilijua tu kwamba alikuwa mke wa Dakta. Basi leo nataka kulipa deni la siku ile.

Alizaliwa London tarehe 6 Februari 1913, jina lake Mary Nicol. Baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji wa mandhari, mtu wa kuhamahama na rangi zake, na mtoto huyu alikulia sehemu kubwa Ufaransa, katika nchi ya mapango ambayo watu wa kale walichora wanyama kutani. Mama yake alikuwa wa ukoo wa Frere. Wale mliofika Mombasa mnaijua Freretown, mji waliowekwa watumwa walioachwa huru. Jina lile linatokana na Sir Bartle Frere, mtu wa ukoo huo huo. Babu wa Sir Bartle, John Frere, ndiye aliyeandika mwaka 1797 kwamba mawe fulani yaliyochongwa, yaliyochimbuliwa huko Uingereza, yalikuwa silaha za watu wa zamani sana. Kwa hiyo mawe yalikuwamo katika damu, na kalamu pia.

Mwaka 1926 baba alifariki. Binti alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama akamrudisha Uingereza, akamtia katika shule ya masista. Akafukuzwa, kwa kuwa alikataa kusoma shairi mbele ya watu akaenda kujificha katika chumba cha tanuri la maji ya moto. Akatiwa shule ya pili. Huko alijaza povu la sabuni mdomoni akajifanya ana kifafa, na halafu akalipua kitu katika darasa la kemia. Akafukuzwa tena. (Vijana, msicheke sana, Bwana Mkuu anawatazama.) Hakupata kufaulu mtihani wowote wa shule. Mama yake alipokwenda kuulizia nafasi katika Chuo Kikuu cha Oxford, aliambiwa asijisumbue kuomba. Chuo hicho hicho kilimpa shahada ya heshima ya udaktari mwaka 1981, na nadhani siku ile hakuna aliyemkumbusha habari ya sabuni.

Alichokuwa nacho ni mkono wa kuchora. Akahudhuria mihadhara London kama msikilizaji tu, na wakati wa kiangazi akawa anachimba na kuchora vitu vilivyochimbuliwa. Michoro yake ya mawe kutoka Misri ilipendeza, na kwa sababu ya michoro hiyo alikutanishwa mwaka 1933 na Louis Leakey, mtoto wa wamisionari aliyezaliwa Kabete, Kenya, ambaye alitafuta mtu wa kumchorea kitabu. Yaliyofuata baina yao yalileta maneno mengi, kwa kuwa Louis alikuwa na mke. Mimi siyapiti hayo, si kazi yangu. Mwaka 1935 Mary alikuja Tanganyika, wakapanda Ngorongoro wakati wa masika, gari likisukumwa matopeni, mpaka wakashuka Oldupai. Walioana mkesha wa Krismasi wa mwaka 1936. Kwa hiyo mjue: mama huyu aliingia nchi hii kama mchoraji. Hayo mengine yalikuja juu yake.

Sasa naomba mnivumilie niseme kidogo juu ya kazi yenyewe, maana ni karibu na kazi yangu.

Mtu akiwaletea jiwe lililochongwa, mtasema pigeni picha, yaishe. Picha haitoshi. Picha inaonyesha doa, ufa, kivuli, vyote kwa uzito mmoja, na mara nyingi kivuli ndicho kinachoonekana zaidi. Mchoraji wa mawe huweka mwanga utoke upande mmoja, kwa desturi juu kushoto, akalichora jiwe uso mmoja, ubavu, na uso wa pili. Kila mahali kipande kilipobanduliwa pana kovu, na ndani ya kovu pana mawimbi madogo kama ya maji uliyotupia kokoto. Mchoraji anayafuata kwa mistari ya wino, na mistari hiyo inamwambia msomaji pigo lilitoka wapi na pigo lipi lilitangulia. Lakini mistari hiyo haichoreki kwa kukisia. Usipoliona kovu, huna mstari. Mchoraji mvivu hujulikana mara moja, kwani mawe yake yote hufanana.

Nilipokuwa nasomea kazi hii Dar es Salaam, mwaka 1992, niliingia maktaba kukwepa joto, nikafungua kitabu kikubwa juu ya Oldupai kilichochapishwa Cambridge mwaka 1971, mwandishi M. D. Leakey. Nikadhani ni yule Dakta wa soda. Nikaikuta michoro ya mawe, ukurasa kwa ukurasa, halafu ramani ya sakafu ya kale iliyochimbuliwa pale lilipopatikana fuvu, eneo la karibu mita za mraba 300, na ndani yake mawe yapatayo 2,500 na vipande vya mifupa vipatavyo 3,500, kila kimoja mahali pake kilipolala. Nilikaa mpaka maktaba ikafungwa. Kwa mara ya kwanza niliona mtu wa ufundi wangu amefanya kazi upande wa nyumbani kwetu, na wala sikujua.

Fuvu mnalijua. Tarehe 17 Julai 1959 Louis alikuwa kitandani na homa. Mary akatoka na mbwa wake, wale weupe wenye madoa meusi, akaona mfupa umechungulia katika mteremko, na meno makubwa. Walilipa jina la Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina la kale la pwani yetu, ndilo hilo hilo lililomo ndani ya Zanzibar. Baadaye wataalamu walipima majivu ya volkano wakapata umri wa miaka milioni 1.75, na dunia ikashtuka, kwa kuwa wengi hawakudhani habari za binadamu zinarudi nyuma kiasi hicho. Magazeti yalikuja, fedha zikaja, Louis akawa mtu wa majukwaani, na alilifanya vizuri jambo hilo. Mary hakupenda majukwaa. Alibaki korongoni na sigara zake za biri, akichimba kwa sindano na brashi na kuchora.

Kulikuwako kazi nyingine aliyoipenda, na hiyo haikuwa ya mifupa. Mwaka 1951, kabla ya umaarufu wote huo, familia ilikwenda Kondoa, akakaa miezi mitatu akinakili michoro ya miambani: twiga, pofu, watu warefu wembamba wenye nywele zilizosukwa, watu wanaocheza. Alibandika karatasi inayoangaza juu ya mwamba, akafuata kila mstari, akarudi kambini kuhamisha na kutia rangi. Alipata watu na wanyama wapatao 1,600. Michoro hiyo ilikaa zaidi ya miaka thelathini mpaka ilipotolewa kitabu mwaka 1983, na jina alilokipa kitabu linasema wazi kwamba sanaa hiyo inatoweka. Jiwe lililochongwa haliwezi kukuambia mtu wake alisuka nywele vipi. Mwamba wa Kolo unaweza. Miamba ile iliingia katika urithi wa dunia mwaka 2006, na baadhi ya yale aliyoyanakili yamefifia kiasi kwamba nakala yake inaonyesha zaidi kuliko mwamba.

Louis alifariki mwaka 1972. Mary wakati ule alikuwa amekwisha hamia Oldupai moja kwa moja, na aliishi kule hadi miaka ya themanini mwanzoni. Maji yaliletwa kwa gari. Fikirini mwanamke mtu mzima, mgeni, kambi ya mabati na nyasi, jirani zake Wamasai na simba. Baadhi yenu mtasema alikuwa Mwingereza wa zama za ukoloni na mambo yake yalikwenda kwa njia zilizofunguliwa na ukoloni. Ni kweli. Kwa miaka mingi wote waliotia sahihi vitabu juu ya ardhi hii hawakuwa Watanzania, na hata waliopata mifupa mingi sana, yaani wafanyakazi, wengi wao Wakamba waliotoka Kenya naye, hawakuitwa majukwaani. Basi niwaite mimi leo. Maiko Mutumbo aliona fuvu mwaka 1963, na kabla halijachimbuliwa ng'ombe wakapita juu yake wakalivunja vipande. Peter Nzube alipata fuvu lililosagika kama chapati mwaka 1968. Maundu Muluila alipata mwaka 1974 taya la chini pale Laetoli, kusini ya Oldupai upande wa Endulen, taya ambalo sasa limo katika kila kitabu cha somo hilo ulimwenguni. Tunayajua majina haya kwa kuwa yaliandikwa katika kumbukumbu pamoja na mahali na mwaka. Ingekuwa ofisi nyingine nizijuazo, pangeandikwa "vibarua."

Taya hilo lilileta ugomvi. Mwaka 1978 wataalamu wa Marekani waliokuwa wamechimba Ethiopia walilichukua liwe kielelezo cha jamii mpya, wakaiita kwa jina la Afar, nchi ya Ethiopia, na jina la Mary likawekwa miongoni mwa waandishi wa tangazo. Yeye hakukubali kwamba mifupa ya Laetoli na ile ya Ethiopia ni ya jamii moja, tena taya la Tanzania kubebeshwa jina la kwingine lilimkera. Akadai jina lake litolewe. Tangazo lilikwisha chapwa. Likachapwa upya bila jina lake. Nawaambia ninyi mnaoandika ripoti maofisini: mara ngapi tumeacha jina letu chini ya jambo tusiloliamini, kwa kuwa karatasi imekwisha chapwa? Na tafadhali angalieni kwamba wataalamu wengi leo wanaona katika jambo lile la jamii Mary ndiye hakuwa sahihi.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Mama huyu alikosea mara nyingi. Mwaka 1962 alichimbua duara la mawe, upana kama mita nne, akaamini ni msingi wa kibanda cha kale kupita vyote. Wengine baadaye wakasema hapana, huenda ni mizizi ya mti iliyopasua mwamba. Zile sakafu za mifupa aliziita makazi ya watu, na mtaalamu mmoja wa Marekani, Binford, akaandika kitabu mwaka 1981 kupinga, akisema sehemu kubwa ni mabaki ya wanyama wakali. Lakini huyo Binford alihesabu mifupa kutoka wapi? Kutoka katika kitabu cha Mary. Alimpinga kwa hesabu zake mwenyewe. Kwa sababu alichora kwanza kilichokuwako, chote, hata kile kisichomsaidia, ndipo akaandika alivyofikiri, na vitu hivyo viwili hakuvichanganya.

Niwaambie kwa nini jambo hili linanigusa. Miaka ya tisini nilikuwa kijana kazini, katika ofisi moja ambayo nitaliacha jina lake. Nilitumwa kupima mpaka wa mashamba mawili milimani, ya ndugu wawili. Mvua ilinyesha siku mbili, njia ikawa utelezi, nikapima vigingi vya chini vitatu nikarudi. Kigingi cha juu sikukiona. Mezani nikaunganisha kwa mstari ulionyooka, mstari mzuri kweli, wino haukutetereka hata kidogo. Mkubwa wangu akausifu. Mstari ule ulipita katikati ya migomba ya mjane wa ndugu mmoja. Kesi ilikwenda miaka sita. Kila aliyelalamika alionyeshwa ramani, na ramani ilikuwa safi kuliko maneno ya mama wa kijijini. Nilipokuja kusema kwamba juu kule sikufika, yule mama alikuwa amekwisha hamia kwa binti yake Mbulu. Mpaka ulirekebishwa. Migomba ilikuwa imekwisha ng'olewa.

Mstari wangu ulikuwa mzuri kuliko mistari ya watu wengi. Kasoro yake ni kwamba haukutoka machoni.

Sasa nyayo, kwa kuwa najua mnazingoja. Mwaka 1976 wageni wa Mary pale Laetoli walikuwa wakitupiana mavi ya tembo yaliyokauka, watu wazima wenye shahada zao, na mmoja alipoanguka akaona alama za wanyama katika jivu lililogeuka mwamba. Mwaka 1978 zikaonekana nyayo za watu, na 1979 njia yote ikafunuliwa, kama mita 27, nyayo zipatazo 70, za viumbe waliotembea wima miaka milioni 3.66 iliyopita, jivu la volkano likiwa bichi kwa mvua. Mary alipiga magoti pale wiki nyingi akisafisha na kuchora. Mara moja tu alijiruhusu kitu: aliandika kwamba mmoja wao alisita, kama anayegeuka kutazama kushoto, halafu akaendelea. Huenda ni kweli, huenda sivyo. Mimi namsamehe, kwa kuwa alisema wazi kwamba hapo anawaza.

Kisha njia ile ikafukiwa ili isiharibike. Miti ikaota juu yake, ikabidi Idara ya Mambo ya Kale pamoja na taasisi ya Getty ya Marekani waifunue tena mwaka 1995 na 1996, waondoe mizizi, waifukie vizuri zaidi. Bibi alifika kuitazama Agosti 1996, na miaka yake themanini na mitatu. Akafariki Nairobi tarehe 9 Desemba mwaka huo huo.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Katika mwaka ule wa 1976 na uliofuata walipata mahali pengine Laetoli nyayo tano za ajabu ajabu, fupi, pana, mguu mmoja ukivuka mbele ya mwingine. Baadaye mtaalamu mmoja akasema labda ni dubu, na dunia ikaziacha. Mwaka 2019 kikundi kilichokuwa na Mtanzania mwenzetu, Charles Musiba, kilikwenda kuzitafuta kwa kutumia ramani na picha za Mary. Mvua za miaka arobaini zilikuwa zimepita. Wakazikuta. Wakazisafisha, wakazipima, na mwaka 2021 wakachapisha kwamba si dubu, ni jamaa wa binadamu, tena huenda wa jamii nyingine isiyo ile ya nyayo za kwanza. Na kabla yao, Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Dar es Salaam na wenzao walikuwa wametangaza mwaka 2016 nyayo nyingine mpya, kama mita 150 kutoka zile za Mary, zilizoonekana wakati wa kuchimba mashimo ya majaribio mahali palipokusudiwa kujengwa makumbusho. Siku hizi sahihi za vitabu hivi zina majina kama yetu. Mmoja wenu huko nyuma anaweza kutia lake, lakini aanze kwa kwenda mpaka kigingi cha juu.

Bwana Mkuu, nimeambiwa kwamba shuleni hapa kuchora hakufundishwi tena, na kwamba kile chumba chetu chenye dirisha la kaskazini sasa kinawekwa magodoro mabovu. Sikuja kulaumu. Nimekuja na sanduku hili. Ndani mna kalamu zangu za wino nane, vioo viwili vya kukuzia, rula ya chuma, na mawe kumi na mawili niliyoyaokota mto wa nyuma ya nyumba yangu, ya kawaida kabisa, yasiyo na thamani kwa mtu yeyote. Nipo Karatu, nimestaafu, Jumamosi sina kazi. Nikipewa meza mbili na magodoro yakipata mahali pengine, nitakuja saa tatu asubuhi, nianze na yeyote atakayekuwa tayari kutazama jiwe moja kwa saa nzima.